Saa Tisa ya Karonga

Kabla sijaeleza jinsi nilivyowaombea watu fedha zao za harusi nusura zigeuke kuwa bati za kanisa, sina budi kueleza habari ya saa zangu mbili.

Mimi ni mchungaji, mzaliwa wa Tukuyu, na kwa miaka kadhaa nilitumwa kufanya kazi ya umisionari upande wa Karonga, nchini Malawi. Wengi wakisikia neno mmisionari humfikiria Mzungu mwenye kofia pana, na ni kweli kwamba Wajerumani waliofungua kituo cha misheni pale Rungwe mwaka 1891 walifika kwetu kwa kupitia Ziwa Nyasa, wakitokea huko huko Malawi. Mimi nilikuwa narudisha deni kwa njia ile ile, isipokuwa wao walikuja kwa chombo cha majini, nami nilikwenda kwa pikapu iliyojaa mikungu ya ndizi.

Ukivuka Mto Songwe pale Kasumulu, zinabaki kilomita 46 hivi kufika Karonga, na Wangonde wa huko husema lugha ambayo Mnyakyusa haitaji mkalimani ili aielewe, kwa hiyo sikujihesabu kuwa mgeni. Hata hivyo, familia inayoishi mguu ndani mguu nje haikosi vituko. Tulikuwa na pochi mbili, moja ya shilingi na nyingine ya kwacha. Tulikuwa na laini mbili za simu. Tena tulikuwa na kadi mbili za njano, moja ya chanjo ya homa ya manjano na nyingine ya bima ya gari, ambazo nilizichanganya mara nyingi kiasi kwamba siku moja ofisa wa mpakani aliniuliza kwa upole kama pikapu yangu ilichanjwa utotoni au ukubwani. Kitindamimba wetu, aliyeanzia shule Karonga, alikuwa amezoea kumwita kila mwanamke mzima "amayi", kama heshima ya Kichewa inavyodai. Tulipompeleka Tukuyu kwa likizo alimwamkia bibi yake kwa neno hilo, na bibi, ambaye alisikia mtoto anaomba mayai, akaenda kumkaangia mawili. Mtoto akala, kisha akashukuru kwa adabu, "Zikomo, amayi," bibi akarudi jikoni kukaanga mengine. Siku ya tatu mama yangu aliniita pembeni akaniuliza kama huko ugenini tunamlisha mtoto kitu gani.

Sasa turudi kwenye saa. Malawi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, jambo ambalo limewaaibisha watumishi wengi, nami niliapa kwamba halitaniaibisha mimi. Nilinunua saa ya pili. Mkono wa kushoto nilivaa saa ya Tanzania, na mkono wa kulia nilivaa ya Malawi, na nikafika mahali pa kuhubiri kwamba mtu anayechelewa ibada angechelewa hata siku ya parapanda. Mke wangu alisema kwamba nimefanana na machinga wa saa pale stendi ya Nane Nane. Sikumjibu, kwa kuwa nabii hana heshima nyumbani mwake.

Mwaka mmoja, kijana wa ushirika wetu wa Karonga alichumbia binti ambaye ukoo wake ulikuwa umehamia Lilongwe zamani. Siku ya ndoa tuliipanga mapema, ila saa tuliwaachia jamaa wa bibi harusi, ambao ndio waliokuwa wakitoka mbali. Alhamisi ya juma lile, tukiwa tunafunga mizigo kwenda Tukuyu kwa siku mbili, nilipata ujumbe wa mzee wa kanisa, mtu mwema aliyejifunza Kiswahili kwa kuchuuza mchele wa Kyela: "Mchungaji, harusi Jumamosi saa 9. Usichelewe." Niliusoma kwa sauti mbele ya familia, nikapiga hesabu papo hapo: saa tisa alasiri ya Malawi ni saa kumi ya Tanzania. Tulipovuka mpaka nilitoa laini ya Malawi katika simu, nikaiweka ndani ya jalada la Biblia isipotee.

Jumamosi asubuhi mke wangu aliamka na mashaka.

"Baba, harusi gani hiyo ya saa tisa alasiri? Watu watakula saa ngapi?"

"Mama, kila nchi ina desturi zake."

"Na wageni wa Lilongwe watalala wapi?"

Nilimwonyesha mkono wa kulia, kisha wa kushoto, na mazungumzo yakaishia hapo. Tulikunywa chai bila haraka. Nilipitia kwa binamu yangu kuangalia ng'ombe, na tulipofika Kyela nikasimama kununua mchele, nikibishana na muuzaji juu ya kilo moja kwa utulivu wa mtu ambaye ratiba yake iko mikononi, tena mikono yote miwili. Mke wangu alinikumbusha kurudisha ile laini tulipovuka Songwe. Nilimwambia kwamba kwa kuwa hatukuchelewa, hakuna aliyekuwa na sababu ya kututafuta.

Tuliingia katika uwanja wa kanisa saa tisa kasoro dakika ishirini, kwa mkono wa kulia. Moyo wangu ulijaa shukrani. Watu walikuwa wamejaa chini ya maturubai, spika zilikuwa zinatikisa miembe, na mtu mmoja mwenye suti ya kung'aa alikuwa ameshika kipaza sauti akipaza, "Perekani! Perekani!" Kichewa changu kilikuwa kidogo, lakini neno hilo nililijua vizuri, kwa kuwa maana yake ni "toeni", nami sadaka naijua kwa lugha yoyote. Niliona watu wakicheza kuelekea mbele na kurusha noti za kwacha, nyingine zikaingia katika beseni, nyingine zikaanguka miguuni pa maharusi.

Nilichoelewa ni kwamba waumini wangu, kwa kuchoka kunisubiri, walikuwa wameanza ibada kwa kipengele cha matoleo, tena bila utaratibu wowote. Nilivaa joho ndani ya gari huku mke wangu akinivuta mkono na kusema, "Baba, subiri kwanza tuulize," nikateremka kwa hatua ndefu hadi mbele, nikamwomba mwenye suti kipaza sauti. Alinipa. Joho lina nguvu zake.

Muziki ulizimwa. Niliwaeleza, kwa Kinyakyusa ili wenyeji wanielewe vizuri, kwamba sadaka hairushwi kama mahindi ya kuku, bali huletwa kwa unyenyekevu. Niliwaagiza watoto waokote noti zote zilizokuwa chini, nao wakaokota, hata ile iliyokuwa imenasa katika shela ya bibi harusi. Kisha nililiinua lile beseni kwa mikono miwili, saa zangu zote zikimetameta juani, nikaomba sala ndefu ya kuziweka fedha zile wakfu. "Ee Bwana," nilisema, "pokea matoleo haya kwa ajili ya ujenzi wa nyumba yako." Moyoni niliziona bati za upande wa mashariki, ambazo zilikuwa zimetuvujia masika mawili. Watu mia kadhaa, wakiwa wameinamisha vichwa, waliitikia, "Amina."

"Sasa," nikasema, "bwana harusi na bibi harusi wasogee tuanze."

Bwana harusi hakusogea. Aliinua mkono wake wa kushoto taratibu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka nje, na katika kidole nikaona pete.

Mzee wa kanisa alinijia sikioni. Alinieleza kwamba wao saa huzihesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa 9 aliyoiandika ilikuwa ile ambayo sisi tunaiita saa tatu asubuhi. Kwaya iliimba nyimbo zake zote, ikazirudia, ikaanza za Krismasi. Baada ya saa mbili walimwazima mchungaji wa kanisa la jirani, naye akafungisha ndoa. Kelele nilizokuta zilikuwa perekani-perekani, yaani desturi ya harusi za Malawi ambapo wageni huwamwagia maharusi fedha za kuanzia maisha, na yule mwenye suti alikuwa mshereheshaji aliyelipwa kutoka Lilongwe. Kwa mkono wa kulia nilikuwa nimewahi dakika ishirini. Kwa hesabu ya mzee nilikuwa nimechelewa saa tano na dakika arobaini.

Aibu ya kuchelewa ningeimeza. Tatizo lilikuwa ile "Amina". Wazee walikusanyika chini ya mwembe, na mmoja wao, mtu wa maandiko sana, akashikilia kwamba fedha ikishawekwa wakfu mbele za Mungu hairudi mfukoni mwa mwanadamu. Mjomba wa bibi harusi alisema kwamba hakusafiri kutoka Lilongwe kuja kuezeka kanisa la watu. Mzee wa maandiko akauliza kwa nini basi yeye mwenyewe aliitikia Amina, na tena kwa sauti kubwa. Mjomba akasema kwamba alidhani ni sala ya chakula. Nilifungua Biblia nitafute mstari wa kuniokoa, na kilichoanguka mavumbini ni laini ya simu.

Mke wangu, ambaye hadi hapo alikuwa amekaa kimya akimpepea bibi harusi aliyekuwa analia, aliomba kusema neno.

"Wazee wangu, Mchungaji ameomba juu ya ujenzi wa nyumba ya Bwana. Hakutaja bati. Hawa watoto leo wameanzisha nyumba, na asubuhi mmetamka kanisani kwamba ni Bwana aliyewaunganisha. Sasa nyumba hiyo ni ya nani?"

Mzee wa maandiko alifikiri kwa muda mrefu, akaliangalia beseni, akaniangalia mimi, kisha akasema kwamba kama ni hivyo, sala imejibiwa. Muziki ukawashwa. Nami nikatoa kwacha zote zilizokuwa katika pochi, nikaenda mbele nikicheza na joho langu, nikazirusha kama mahindi ya kuku.

Usiku mke wangu aliirudisha ile laini katika simu, na ujumbe ukaanza kumiminika. "Mchungaji, tumeanza kuingia." "Mchungaji, uko karibu?" "Kwaya imechoka." "Mchungaji, uko hai?" Wa mwisho ulisema tu, "Tumekuwekea chakula."

Miezi minne baadaye nilipata mwaliko mwingine kutoka kwa mzee yule yule. Hakuandika saa yoyote. Aliandika: "Harusi ni Jumamosi. Mchungaji, wewe njoo Ijumaa."