Kabla Hujauza Ng'ombe kwa Ajili ya Skolashipu ya Mbio

Wiki jana mzazi mmoja alinionyesha ujumbe wa WhatsApp, na tangu siku hiyo sijatulia. Wakala fulani, ambaye mama huyo hajawahi kuonana naye ana kwa ana, anadai shilingi laki tatu ili amuunganishe binti yake na chuo kimoja cha Texas. Nusu ilipwe sasa, nusu viza ikitoka, na msichana akishafika awe anamtumia sehemu ya posho yake kwa mwaka mzima. Msichana yuko kidato cha tatu. Anakimbia mita 1,500 na 3,000, na anakimbia vizuri kweli. Nyumbani kwao kuna ng'ombe wawili wa maziwa, na mmoja ameshapatiwa mnunuzi.

"Mwalimu, anasema nikichelewa nafasi itaenda kwa mwingine," mama akaniambia.

Nilimsihi asiuze. Naandika haya kwa sababu najua hayuko peke yake. Sisi wa Uasin Gishu tuliyaona mwaka 2023 yaliyowapata wazazi waliolipa pesa ili watoto wao wakasome Finland na Canada. Kuna familia ambazo hadi leo hazijainuka. Sasa wamekuja wengine, wanalenga watoto wenye miguu mepesi, na sisi tunawapokea kwa chai.

Jambo la kwanza, ambalo wakala wa namna hii hatakwambia: mkataba wake unakiuka kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani. Mtu anayelipwa kwa sababu amempatia mwanafunzi nafasi yenye ufadhili huhesabiwa kuwa wakala wa mwanamichezo, na mwanafunzi aliyeingia mkataba wa aina hiyo anaweza kunyimwa ruhusa ya kushindana. Kulipia huduma ya kusambaza matokeo na alama zake vyuoni kunaruhusiwa, mradi ada isitegemee kama amepata ufadhili au amekosa. Kwa hiyo ile nusu ya viza ikitoka, na ile sehemu ya posho, ndizo hasa zinazoweza kumfungia msichana mlango. Mama anauza ng'ombe ili amnunulie mtoto hatari.

Lakini hawa watu wamepata soko kwa sababu sisi walimu, makocha na wazazi tumeiacha kazi ambayo ni yetu, na kazi hiyo iko darasani. Hapa ndipo ninapokasirika. Mtoto akionekana ana mbio, shule nzima huanza kumwangalia kama kombe. Muhula wa mashindano ukifika anatolewa darasani wiki baada ya wiki: kaunti ndogo, kaunti, eneo, taifa. Akirudi hakuna mwalimu anayemrudishia hesabu zilizompita. Hakuna anayemkalisha Jumamosi amsomeshe kemia. Anaambiwa, "Wewe kimbia tu, miguu itakulipa." Nimelisikia neno hilo likisemwa na watu wazima wenye digrii ukutani, wakimwambia mtoto wa miaka kumi na sita. Kisha matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yanatoka, ana D, na wote waliompigia makofi uwanjani wanakuwa na shughuli nyingine.

Hiyo D ndiyo inayomzuia kwenda Marekani, zaidi ya sekunde zozote za saa. Division I ya NCAA, daraja la juu la michezo ya vyuo, inadai masomo 16 ya msingi ya sekondari yenye wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo chao cha hadi 4.0. Division II, 2.2. Kwa Mkenya wanaangalia matokeo ya KCSE na rekodi ya shule: Kiingereza, hisabati, sayansi, masomo ya jamii. Kocha akikupenda vipi hana uwezo wa kulipindua hilo. Na hicho ni kiwango cha chini cha kuruhusiwa kukimbia tu. Ofisi ya usajili ya chuo ina masharti yake juu ya hayo, na vyuo vingi vitataka pia mtihani wa Kiingereza kama TOEFL au Duolingo. Mtoto aliyefundishwa kwamba darasa ni mahali pa kupumzisha miguu atayapata wapi haya?

Halafu kuna saa nyingine, isiyo ya uwanjani, inayoanza kwenda siku anayomaliza kidato cha nne. Kwa miaka mingi kanuni ya Division I kwa riadha imekuwa hivi: ukimaliza sekondari una mwaka mmoja wa kujiunga na chuo. Mwaka huo ukipita na bado unashiriki mashindano rasmi, kila mwaka unaoshindana unakukata msimu mmoja kati ya minne uliyo nayo, na ukifika chuoni unakaa mwaka mzima bila kushindania chuo. Sasa tazama tunavyofanya. Kijana anamaliza KCSE Novemba, anakwenda kambini Iten au Kaptagat, anakimbia mbio za barabarani kutafuta pesa ya unga na kodi ya chumba, na baada ya miaka mitatu ndipo mtu anamwambia, "Kwani hujajaribu vyuo vya Marekani?" Kocha wa kule anapiga hesabu, anaona amebakiwa na misimu michache tu, anamwandikia mtu mwingine. Kijana anadhani hakuwa na kasi ya kutosha. Kasi alikuwa nayo. Hakuna aliyemwambia habari za mwaka mmoja. (Kanuni hizi zinarekebishwa mara kwa mara siku hizi, kwa hiyo fungua tovuti ya NCAA usome mwenyewe kabla ya kuniamini mimi au mtu mwingine yeyote.)

Ndiyo maana nasema kazi ianze kidato cha tatu. Kocha wa Division I haruhusiwi kumwandikia mwanariadha mambo ya usajili kabla ya Juni 15 baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari ya juu kwa hesabu yao, na mwaka huo ni sawa na kidato chetu cha pili. Mlango unafunguka mtoto akiwa bado mikononi mwetu, akiwa na sare, akiwa na walimu. Tunausubiri ufunge ndipo tumtafute wakala.

Historia ya njia hii tunayo wenyewe, wala haikuanzia kwenye Facebook. Miaka ya 1970 timu ya Chuo Kikuu cha Washington State ilikuwa imejaa Wakenya. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi huko. Chuo cha Texas pale El Paso kiliwachukua Wakenya na Watanzania, Suleiman Nyambui na Filbert Bayi wakiwemo. Mike Boit aliondoka Olimpiki ya Munich 1972 na nishani ya shaba ya mita 800, akasoma Marekani hadi shahada ya uzamivu, akarudi kuwa profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Peter Rono alishinda dhahabu ya mita 1,500 Seoul 1988 akiwa mwanafunzi wa chuo kidogo cha Maryland, Mount St. Mary's. Karibu na sisi zaidi yuko Edward Cheserek na mataji yake 17 ya NCAA akiwa Chuo Kikuu cha Oregon, na Sharon Lokedi aliyepita University of Kansas, kisha akashinda marathoni ya New York 2022 na ya Boston 2025, hiyo ya Boston kwa saa 2:17:22, rekodi ya mbio zile kwa wanawake. Nikimtaja Henry Rono namtaja kwa heshima na kwa uchungu. Mtu aliyeushangaza ulimwengu alikuja kupambana na pombe na ukata kwa miaka mingi, na alipofariki Februari 2024 wengi wa wanafunzi wangu hawakulijua jina lake. Boit nao hawamjui. Boit shule ilimjenga hadi mwisho, na ningependa kila mwanariadha wa shule yetu azijue habari za wote wawili kabla hajavaa viatu vya misumari.

Najua nitajibiwa nini: Kipchoge hakupitia chuo cha Marekani. Faith Kipyegon hakupitia. Rudisha hakupitia. Ni kweli, siwezi kulipinga. Mwenye kipaji cha kiwango hicho na kampuni ya viatu iliyomwona akiwa na miaka kumi na saba, mwache aende zake. Lakini nenda Iten alfajiri uwahesabu wanaokimbia, halafu uwahesabu wanaoishi kwa mbio hizo. Wanaobaki katikati ndio ninaowaandikia.

Na kuna wanariadha wa zamani waliorudi kutoka vyuoni wanaosaidia watoto bila kuchukua senti. Wapo, wanastahili shukrani, na si haki niwaweke kapu moja na matapeli. Utawajua kwa kuwa la kwanza wanaloomba kuona ni ripoti ya shule.

Kumwandikia kocha si kazi ya kulipia laki tatu. Kila timu ya chuo ina ukurasa wenye majina ya makocha na barua pepe zao. Mtoto aandike mwenyewe, kwa ufupi: mwaka anaomaliza shule, alama zake za sasa, somo analotaka kusomea, muda wake bora katika kila mbio na tarehe na uwanja, kama saa ilikuwa ya kielektroniki au ya mkononi, na uwanja uko mita ngapi juu ya bahari. Hilo la mwisho lina uzito. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 na Iten karibu 2,400. Kocha mzuri anajua dakika 9:40 za mita 3,000 huku juu zina maana gani. Lakini muda uliochukuliwa na mwalimu kwa saa ya mkononi kwenye uwanja wa nyasi haumsaidii sana. Mpelekeni mtoto kwenye mashindano ya wikendi ya Athletics Kenya yenye saa ya kielektroniki, ambako matokeo yanachapishwa na mtu yeyote anaweza kuyahakiki. Nauli ya kwenda Nairobi na kurudi inamsaidia kuliko wakala. Usajili wa NCAA Eligibility Center, ofisi inayokagua kama mwanafunzi anaruhusiwa kushindana, nao uko chini ya dola 200. SAT, ule mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani, NCAA waliiondoa kwenye masharti yao Januari 2023, kwa hiyo asije mtu akakuuzia masomo ya ziada kwa kisingizio hicho. Vyuo vichache tu ndivyo vinavyoidai vyenyewe.

Karatasi. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa, jina kwenye KCSE na jina kwenye pasipoti viwe kitu kimoja, herufi kwa herufi, mpangilio kwa mpangilio. Umri uwe wa kweli. Watoto wetu huandikishwa mtihani kwa jina moja na kupata kitambulisho kwa jingine, kisha tunakimbizana na kiapo cha wakili wakati barua ya chuo imeshatoka. Na nyinyi walimu wakuu wenzetu mnaofungia vyeti vya KCSE kwa sababu ya karo: sheria ya KNEC, baraza la mitihani, ya 2012 inawakataza. Mnajua inawakataza. Mtoto aliyewaletea kombe la kaunti anakosa muhula wa Agosti kwa sababu cheti chake kiko kwenye kabati lenu la chuma. Mpeni cheti chake.

Kuhusu pesa nitasema machache. Neno "full" linatamkwa ovyo sana. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya riadha ya Division I ilikuwa na ufadhili wa jumla ya nafasi 12.6, ya wanawake 18, zikigawanywa kwa vipande kwa timu nzima. Maridhiano ya mahakama ya Juni 2025 kati ya NCAA na wanamichezo walioishtaki yaliondoa ukomo huo kwa vyuo vilivyoyakubali, vikawekewa ukomo wa idadi ya wachezaji: 45 kwa riadha, 17 kwa mbio za nyika. Chuo kinaweza kutoa zaidi, na kinaweza pia kupunguza watu. Vyuo vya Ivy League, vile vikongwe kama Harvard na Yale, na vya Division III havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Uliza kwa maandishi: karo, malazi, chakula, bima, vitabu, tiketi ya ndege, kipi kinalipwa na kipi hakilipwi, na kwa miaka mingapi. Mtu akikuonyesha "National Letter of Intent", hati ya mwanamichezo kuahidi kujiunga na chuo, kama ushahidi, jua hati hiyo ilifutwa Oktoba 2024. Fomu ya I-20, unayoombea viza ya mwanafunzi, hutolewa na chuo chenyewe, na ada za SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) na za viza unalipa mwenyewe moja kwa moja, pasipo mkono wa mtu katikati.

Chuo cha miaka miwili kisidharauliwe. Wesley Kiptoo alianzia Colby Community College kule Kansas kabla ya Iowa State, na mwaka 2021 akawa bingwa wa NCAA wa mita 5,000 za ndani.

Makocha wa Marekani nao si malaika. Wapo wanaotaka pointi za Mkenya kwenye mbio za nyika na hawajali akihitimu au akirudishwa nyumbani akiwa na mshipa uliokatika. Kwa hiyo kocha akijibu barua, mzazi na mwalimu wakae naye kwenye simu ya video na swali la kwanza liwe hili: Wakenya waliopita kwako, ni wangapi walimaliza digrii, na sasa wanafanya kazi gani? Mwenye jibu atawatajia watu na kuwaunganisha nao muongee kwa Kiswahili bila yeye kuwepo. Anayeanza kuwaeleza habari za viatu na uwanja mpya, mshukuruni kwa muda wake na mwandikieni mwingine.