Testi za risiti: picha ije mwisho

Jamani, sisi tunaotengeneza mifumo ya kuuzia dukani tunatesti hesabu tu. Jumla sawa, kodi sawa, testi zote (programu ndogo zinazokagua mfumo) kijani, yaani zimefaulu, tunampelekea mteja. Kesho yake risiti inatoka jumla imekatika, tarakimu za mwisho zimeshuka mstari wa chini, na mnunuzi anabishana na keshia.

Karatasi ya milimita 58, printa nyingi zinachapa upana wa doti 384 na herufi ya kawaida inakula doti 12, kwa hiyo mstari ni herufi 32, basi. Sasa andika "Mafuta ya kupikia lita 5", hizo ni 24, ongeza bei 35,000.00 ni 9, ushafika 33 hata nafasi ya katikati hujaweka. Na jumla wengi tunaichapa kwa herufi pana mara mbili, hapo zinabaki 16 tu, "JUMLA 1,250,000.00" ni 18. Haiingii!

Wengi wakishaumwa na hili wanakimbilia picha: programu inachora risiti nzima, inalinganishwa na picha ya zamani pikseli kwa pikseli. Mimi hapo sikubaliani kabisa. Fonti ileile Windows na Linux zinailainisha kingo tofauti, testi inakuwa nyekundu wakati hakuna kilichoharibika. Ukilinganisha PDF baiti kwa baiti ndo balaa, maana kwa kawaida ndani yake kuna tarehe na saa ya kutengenezwa. Testi ikishalialia bure wiki nzima watu wanabonyeza tu "sasisha picha" bila kuangalia, na siku hiyo kosa la kweli linapita na baraka zote. Bora usiwe nayo, maana inakupa imani ya uongo.

Anza na baiti zinazoenda kwenye printa. Kwenye ESC/POS, lugha ya amri inayotumiwa na printa nyingi za risiti, kila amri ni baiti chache: 1B 45 01 inawasha herufi nzito, 1B 45 00 inazima, 1D 56 inakata karatasi. Testi iulize: kuna mstari umezidi upana wake? Kilichowashwa kimezimwa? Kukata kumekuja baada ya maandishi yote? Hapo hakuna fonti wala picha, na jibu linatoka fasta.

Picha weka chache, zichorwe kwenye mashine moja yenye fonti zilezile. Wenzetu wa brauza wana njia nzuri, reftest, ukurasa unaandikwa kwa namna mbili zinazotakiwa kutoa sura moja, zote zinachorwa hapohapo halafu ndo zinalinganishwa, hivyo ulainishaji wa fonti ni mmoja pande zote. QR nayo isilinganishwe kama picha, isome kwa programu uone namba iliyotoka ndo yenyewe.

Na tafadhali, bei za mfano zisiwe 100 na 200. Weka mamilioni, weka jina refu kuliko yote stoo, na punguzo lenye alama ya kutoa mbele.