Si Kila Anayehesabiwa Ni Mgeni

Kwa miezi mitatu niliandika kwa ajili ya watu ambao hawakuwapo. Ukurasa mmoja wa tovuti ninayoisimamia, makala ya zamani iliyokuwa imenitoka akilini, ulipanda ghafla ukashika nafasi ya kwanza kwenye ripoti ya Google Analytics, chombo cha Google cha kuhesabu wageni wa tovuti. Nikasema basi, hiki ndicho wasomaji wanachokitaka. Nikaandika nyingine mbili za aina hiyohiyo, huku maswali ambayo watu halisi walinitumia kwa barua pepe yakizidi kurundikana.

Siku nilipoipanga ripoti ile kwa miji badala ya nchi, karibu matembeleo yote ya ukurasa huo yalitoka Ashburn, jimbo la Virginia, Marekani. Ashburn si mji mkubwa, ila umejaa vituo vya data, yaani majengo ya kompyuta zinazoendesha tovuti na programu za watu wa mbali. Nikaongeza safu ya ukubwa wa skrini: 800 kwa 600, mstari baada ya mstari, hadi chini. Siku hizi ni nadra sana kumpata mtu mwenye skrini ya kipimo hicho, lakini ndicho kipimo ambacho kivinjari cha Chrome hujipa chenyewe kinapoendeshwa na programu bila kufungua dirisha. Muda wa kukaa kwenye ukurasa: sekunde sifuri. Hapakuwa na mtu pale.

Tangu siku hiyo siamini kwamba kusafisha takwimu ni kazi ya mafundi, ya kufanywa nafasi ikipatikana. Kila mgeni wa uongo anakalia kiti cha mgeni wa kweli. Ukimwacha akae, utaanza kumhudumia yeye, na yule aliyekuja kwako na shida yake atasubiri mlangoni.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Ripoti inaposema “watumiaji 500” tunaona vichwa 500 vya watu, kumbe mara nyingi kinachohesabiwa ni vidakuzi, yaani vile vijifaili ambavyo tovuti huviacha ndani ya kivinjari. Mtu mmoja mwenye simu na kompyuta anahesabiwa wawili. Anayetumia Safari yuko pabaya zaidi, kwa sababu tangu 2019 kivinjari hicho hufuta baada ya siku 7 vidakuzi vilivyowekwa na msimbo wa ukurasa. Kwa hiyo msomaji wako mwaminifu anayerudi kila baada ya wiki mbili anaandikwa mgeni mpya kila anapokuja. Na yule aliyeweka programu ya kuzuia ufuatiliaji haonekani kabisa, hata kama anakusoma kila siku. Hesabu inakosea kwa kuzidisha na inakosea kwa kupunguza, na makosa hayo mawili hayafutani.

Kikao, yaani ziara moja ya mgeni, nacho ni makubaliano tu. Kwa kawaida Google Analytics huhesabu kwamba kikao kimekwisha baada ya dakika 30 bila tendo lolote. Ukifungua makala, ukaitwa pembeni kwa dakika 40, ukarudi ukaendelea kusoma, umeshakuwa vikao viwili. Kiwango cha kuondoka, yaani sehemu ya vikao ambavyo mgeni anahesabiwa kuwa ameondoka patupu, ndicho kilichowaumiza wengi. Katika mfumo wa zamani wa Google Analytics, uliosimama tarehe 1 Julai 2023, aliyesoma ukurasa mmoja kwa dakika kumi akaondoka ameridhika aliwekwa kapu moja na aliyefungua akafunga papo hapo. Katika mfumo wa sasa, anayekaa sekunde 10 au zaidi, au akaona kurasa mbili, au akafanya tendo uliloliwekea alama kuwa muhimu, hahesabiwi kuwa ameondoka patupu. Jina limebaki lile lile, kinachopimwa kimebadilika. Ukiona mtu anachora mstari mmoja kuanzia 2021 hadi leo na kusema tovuti imeimarika, mwombe kwanza aukate mstari huo pale mfumo ulipobadilishwa.

Turudi kwa wageni wa uongo, yaani roboti, programu zinazotembelea tovuti bila mtu. Waliokuwa na tovuti miaka ya 2014 na 2015 watakumbuka vyanzo vya ajabu vilivyojaa kwenye ripoti, majina ya tovuti ambazo hazikuwahi kuweka kiungo chochote kuja kwako. Wengi wa waliotuma majina hayo hawakuikanyaga tovuti yako hata mara moja. Namba za utambulisho za akaunti za Google Analytics zilikuwa rahisi kukisia, kwa hiyo walituma taarifa za uongo moja kwa moja kwenye seva za Google, wakitegemea kwamba utaona jina geni, utapata hamu ya kujua, na utabofya. Walikamatwa kwa jina la tovuti iliyoandikwa kuwa ndiyo iliyopokea ziara. Mtumaji hakujua jina la tovuti yako, kwa hiyo alijaza lolote au aliacha wazi, na ukichuja kwa jina lako halisi wanabaki nje. Sasa njia hiyo ya kutuma inadai ufunguo wa siri, na wimbi lile limepungua sana.

Waliopo leo wanakuja kweli, wanafungua ukurasa, na msimbo wa kuhesabu unafanya kazi kama kawaida. Google huondoa yenyewe roboti zinazojulikana. Zisizojulikana ni mzigo wako, na si mzigo mdogo: kampuni ya usalama wa mtandao ya Imperva, katika ripoti yake ya 2025, ilikadiria kwamba asilimia 51 ya msongamano wa intaneti mwaka uliotangulia ulitokana na roboti.

Hapa ndipo nawaomba wenzangu wawe na subira, kwa sababu hasira ya kufuta inaharibu kuliko roboti wenyewe. Usimhukumu mgeni kwa dalili moja. Mji wa vituo vya data peke yake hautoshi, maana anayetumia VPN, huduma inayoficha mahali mtu alipo, huonekana anatokea hukohuko. Sekunde sifuri peke yake haitoshi, maana mtu anaweza kuufungua ukurasa na kuufunga kabla kipimo hakijatuma chochote. Hata kivinjari cha toleo la kale hakitoshi, kwani wapo watu ambao kifaa walicho nacho ndicho hicho tu. Mimi nataka mashahidi watatu wakubaliane: mahali, kifaa na mwenendo. Wakikubaliana siku ile ile, kwenye ukurasa ule ule, naandika kwamba ni roboti. Wakitofautiana namwacha, kwa maana kumfuta msomaji wa kweli ni kosa baya zaidi kuliko kumhesabu wa uongo.

Ukiweza kuzifikia logi za seva, yaani kumbukumbu za kompyuta inayohifadhi tovuti yako, zifungue. Logi huandika kila aliyegonga mlango, wakati takwimu za kwenye ukurasa huwaandika wale tu ambao kivinjari chao kiliendesha msimbo. Usishangae kuona logi zina matembeleo mengi zaidi. Ila usiamini jina lililoandikwa humo: yeyote anaweza kujiita Googlebot, roboti wa Google anayesoma kurasa kwa ajili ya utafutaji. Wa kweli, ukiitafuta kinyumenyume anwani yake ya IP, yaani namba yake kwenye mtandao, hutoa jina linaloishia na googlebot.com au google.com, na jina hilo ukiliuliza tena linakurudisha kwenye anwani ile ile.

Kuna wageni wengine wa uongo ambao ni sisi wenyewe. Unarekebisha ukurasa, unaufungua mara ishirini kuona kama umekaa vizuri, mwenzako naye anafanya hivyo hivyo, na kwenye tovuti ndogo hiyo ni theluthi ya siku nzima. Weka kichujio cha anwani zenu za IP, lakini kiache kwanza kwenye hali ya majaribio kwa siku kadhaa. Kichujio kikishawashwa hakirudi nyuma kusafisha ya jana, na kinachokitupa kuanzia hapo hakipatikani tena. Kwa sababu hiyo, ukiondoa ziara zetu wenyewe, mimi sisafishi kwenye chanzo. Naacha data iingie ilivyo, kisha nachuja ninapoisoma. Nikigundua kesho kwamba nilikosea, nafungua kichujio na watu wangu bado wapo. Na kama hujabadilisha muda wa kuhifadhi taarifa za kina zinazotumika kwenye sehemu ya uchunguzi, kabadilishe leo: mfumo huanza na miezi 2, na kwa akaunti ya kawaida unaweza kuufikisha miezi 14.

Uchafu mwingine unatokana na mikono yetu. Zile alama za utm tunazobandika kwenye viungo ili kujua mgeni ametoka wapi zimerithiwa kutoka Urchin, kampuni ambayo Google iliinunua 2005, na zinatofautisha herufi kubwa na ndogo. Niliwahi kukuta kampeni moja imegawanyika vyanzo vinne: Facebook, facebook, FB na fb. Kila kimoja kilionekana hafifu, na kampeni ilikaribia kusimamishwa kwa kudhaniwa imeshindwa. Nilipozijumlisha, ndiyo iliyokuwa ikileta wasomaji wengi kuliko zote. Andika herufi ndogo tupu, kila mara, na orodha ya majina yaliyokubaliwa iwe sehemu moja ambayo kila mtu anaiona. Alama hizo zisiwekwe kwenye viungo vya ndani ya tovuti, zinavuruga habari ya alikotoka mgeni. Na ukiona matembeleo ya kurasa yameongezeka maradufu huku kiwango cha kuondoka kikikaribia sifuri, usisherehekee. Kagua kama msimbo wa kuhesabu umewekwa mara mbili.

Lile kapu la “moja kwa moja” kwenye orodha ya vyanzo vya wageni nalo lisomwe kwa uangalifu. Halina maana kwamba watu waliandika anwani yako kwa vidole vyao. Lina maana kwamba asili haijulikani: kiungo kilichotumwa WhatsApp, kilichobofywa ndani ya faili la PDF au kwenye programu ya barua pepe, vyote vinaweza kuangukia humo. Mara nyingi hao ndio walioletwa na rafiki aliyewaambia “hebu soma hii”, na mimi nawathamini kuliko wote.

Nilipomaliza kusafisha, mstari ulishuka kiasi cha kutisha. Makala ile iliyokuwa ya kwanza ilipotea kabisa kwenye ishirini za juu. Juu ya orodha ukapanda ukurasa wa maelezo ambao sikuwa nimeugusa kwa muda mrefu, wenye wageni wachache, ila wanaosoma mpaka mwisho na kurudi. Kwenye ripoti niliandika tarehe, kilichoondolewa, na sababu yake, ili atakayekuja baada yangu asidhani tovuti ilianguka. Kisha nikafungua barua pepe. Swali lililokaa muda mrefu kuliko yote lilikuwa na wiki saba, na lilihusu ukurasa huohuo. Nikaanza na hilo.