Mpendwa undefined, tumekukumbuka sana

Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024 hakuna mtu alikuwa na furaha ofisini kunizidi mimi, na furaha yenyewe ilitokana na balaa la wenzangu. Si mnaikumbuka ile siku, CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, wakatuma sasisho moja tu na kompyuta za Windows zikageuka bluu, Microsoft wenyewe walikadiria milioni 8.5, ndege haziruki, watu wamerudi kuandika kwa kalamu, mi nimezungusha kiti nawatolea wenzangu lekcha. "Jamani hawa watu hawatesti? Kweli kabisa unatuma kitu dunia nzima siku ya Ijumaa?" Baadaye tukaja kujua kwamba faili lilitaka vitu 21 na programu ilikuwa inaletewa 20, ilipoenda kutafuta cha 21 ikadondoka. Kitu kimoja tu. Yangu haikufika hata kitu kimoja, yangu ilikuwa nyota.

Jioni hiyohiyo, nikiwa bado nina kicheko mdomoni, bosi akapita mezani akasema kuna wateja 340 wamejiunga na programu yetu halafu wakapotea, wakumbushwe kwa meseji. "Itoke kila siku saa mbili asubuhi, wiki moja hivi, ya upole lakini." Nikamwambia bosi hiyo dakika kumi tu. Na kweli ilichukua dakika kumi, ingechukua ishirini labda leo ningekuwa na heshima yangu.

Kwa ambao hamjawahi kukutana na cron, ni kale kaprogramu ka Unix ka tangu miaka ya 1970, kazi yake moja, kuamka muda uliokaambia na kufanya ulichokaambia, hakana swali hakana huruma. Unakaandikia vitu vitano kwenye mstari mmoja: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki. Ukiweka nyota maana yake "yoyote ile, we twende". Sasa mi nikaandika hivi:

* 2 * * *

Hebu tuangalie huu mstari taratibu maana umebeba dhambi mbili, na zote zangu. Ya kwanza ni hiyo 2. Bosi kasema saa mbili, nami nikaandika mbili, mtoto mtiifu. Sisi tunaoongea Kiswahili saa mbili asubuhi yetu kompyuta inaijua kama 8, na maisha yangu yote hiyo hesabu naifanya kichwani bila hata kuhisi kama mtu anavyopepesa macho, ila jioni ile kichwa kilikuwa bado kinasoma habari za ndege. Kwa hiyo 2 ya kompyuta ni saa nane usiku. Ya pili ni nyota ya mwanzo. Nilitakiwa niweke 0, yaani dakika ya kwanza basi. Nyota pale inamaanisha kila dakika ya saa hiyo, yaani mara sitini.

Na kinachoniuma mpaka leo, ile akili bandia iliyokaa kwenye programu ninayoandikia kodi (kodi za kompyuta, za nyumba ni habari nyingine) ilinipendekezea kabisa kwa maandishi ya kijivu: 0 8 * * *. Nikabonyeza Esc. Nakumbuka nilisema kwa sauti, "we unajua nini."

Halafu kuna meseji yenyewe. Kwenye hifadhidata yetu jina la mteja linakaa kwenye safu inaitwa jina_kamili, mi nikaandika mteja.jina. Lugha ya kompyuta kama Python ingenifokea palepale. Lakini ile skripti ilikuwa ya JavaScript, lugha ambayo Brendan Eich aliitengeneza mwaka 1995 kwa siku kumi hivi, na JavaScript ina tabia nzuri sana ya mgeni mwenye adabu, ukiiomba kitu ambacho hakipo haisemi hakipo, inakuletea undefined na tabasamu. Ukiliunganisha na sentensi inalichapa hivyohivyo kama jina la mtu. Kwa hiyo meseji iliyotoka ilisomeka: "Mpendwa undefined, tumekukumbuka sana! Mbona umetusahau? Rudi, tunakusubiri."

Saa nane usiku. Kila dakika.

Nikaamshwa na simu ya bosi saa nane na nusu. Bosi naye alikuwa kwenye ile orodha, alijiandikisha kujaribu akapotea kama wengine. Hakusalimia. "We kijana, undefined ndo nani?" Nikajibu kwa ile sauti ya mtu anayeigiza kwamba hakuwa amelala, "Bosi, hiyo ni thamani ambayo haijapewa..." Akanikatisha, "Zima!"

Basi nikavuta laptopu kitandani, macho nusu, nikaingia kwenye seva. Kuihariri ratiba ya cron unaandika crontab -e. Kuifuta yote, yaani kila kitu, bila kuulizwa una uhakika, unaandika crontab -r. Sasa angalia kibodi yako. E na R wamekaa bega kwa bega kama mapacha kwenye picha. Aliyepanga hivyo sijui alikuwa na ugomvi na nani, ila mi nilikuwa nimelala na kidole changu kikalala kuelekea R. Nikasubiri Vim, ile programu ya kuhariri maandishi, ifunguke. Haikufunguka. Kwanza nikashukuru, maana mi na Vim usiku hatuelewani, na siko peke yangu, Stack Overflow, mtandao wa maswali ya waandika programu, walishaandika mwaka 2017 kwamba lile swali la jinsi ya kutoka kwenye Vim limesomwa zaidi ya mara milioni moja. Nikaandika crontab -l nione ratiba. Ikanijibu hakuna ratiba.

Hakuna ratiba ya nini? Ya meseji, sawa. Na ya bakapu ya usiku, zile nakala za akiba. Na ya ripoti za bosi za asubuhi. Na nyingine tatu aliziandika jamaa aliyeacha kazi kabla mi sijaja, ambazo hakuna aliyejua zinafanya nini, tulikuwa tunaziacha tu kama unavyomwacha mzee aliyekaa kwenye kona haongei.

Nikakumbuka ile ya kampuni ya GitLab, wanaohifadhi kodi za watu, Januari 2017, jamaa usiku amechoka akafuta hifadhidata kwenye seva ambayo siyo, kwenda kwenye bakapu wakakuta nazo hazifanyi kazi. Nilivyoisoma kipindi kile nilicheka. Sa hivi nilikuwa natamani nimpigie yule jamaa tuongee tu kidogo, hata asiseme kitu.

Halafu ndo nikafungua kumbukumbu za seva nione zimetoka meseji ngapi, na hapo ndo nikataka kulia vizuri. Zilitoka 10,000 kamili. Kifurushi chetu cha meseji kilikuwa na 10,000, kikaisha saa nane na dakika 29, kabla bosi hajapiga hata simu. Yaani tatizo lilikuwa limeshajizima lenyewe kwa umaskini. Mi nimeamka nikaja kufuta bakapu bure. (Ukipiga hesabu, wateja 140 walipata meseji 30 na 200 walipata 29. Nilipiga hiyo hesabu saa tisa usiku kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kufanya kingine.)

Ratiba nilizirudisha kwa kusoma kumbukumbu za cron za wiki iliyopita, kila kazi ilipoamka na amri iliyoendesha, moja moja, nikamaliza jua limetoka. Zile tatu za yule jamaa nazo nimezirudisha. Bado hatujui zinafanya nini.

Jumamosi simu zikaanza. Dada wa huduma kwa wateja, ambaye hana kosa lolote kwenye hii stori, alizipokea zote kwa upole mpaka ikafika ya kaka mmoja anaongea kwa kunong'ona. Mke wake ameona simu inalia usiku, kila dakika, mtu anamwambia mumewe amemkumbuka sana arudi. Kibaya zaidi ni jina. Mke anasema kama ingeandikwa jina lako ningesema kampuni, ila wewe una jina la siri huko. "Undefined ndo unavyoitwa ukiwa kwake?" Dada akaniletea simu, mke mwenyewe yupo hewani. Nikamweleza yule mama kwa heshima zote, shikamoo na nini, kwamba undefined ni kitu ambacho kompyuta inasema pale ambapo hakuna mtu. Akakaa kimya. Akasema, "Kwa hiyo hakuna mtu." Nikasema ndiyo mama. Akasema, "Na wewe ni rafiki yake wa siku nyingi?"

Jumatatu nikaingia kwa bosi nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi. Nikamkuta anaangalia takwimu anatabasamu. Kumbe ili ukatae meseji zetu lazima uingie kwenye programu ubonyeze kitufe, na kati ya wale 340 waliopotea, 212 waliingia wikiendi ile. Hatujawahi kupata watu wengi hivyo tangu tuanze. Nikamwambia bosi hao wamekuja kujitoa. Akasema wamekuja, hayo ya kujitoa ni yako wewe.

Akaegemea kiti. "Wiki ijayo turudie. Mara tatu tu lakini. Itoke saa nne."

Nikamuuliza, bosi, nne ipi?