Nusu kwa nusu, lakini nani anahesabu mapipa?

Mwandishi wa makala niliyoisoma ameusifu mno mgao wa mafuta wa Naivasha, yaani makubaliano ya serikali ya Sudan na waasi wa kusini yaliyofikiwa mjini Naivasha, Kenya. Sawa, itifaki ya Januari 2004 ilitenga angalau asilimia 2 kwa jimbo linalotoa mafuta, kisha mapato yaliyobaki ya visima vya kusini yakagawanywa nusu kwa nusu kati ya Khartoum (serikali ya Sudan) na Juba (serikali ya kusini). Lakini hesabu za mapipa zilikuwa mikononi mwa Khartoum! Juba ikawa inapokea ilichoambiwa ndicho chake. Bomba nalo lilipita kaskazini hadi Port Sudan, na ugomvi wa ada za kupitisha mafuta ulipochacha Januari 2012, Sudan Kusini ikiwa tayari nchi huru, Juba ikafunga visima. Kabla ya mikataba mingine ya kugawana, wapelekwe kwanza wakaguzi wanaokubalika na pande zote. Na hiyo asilimia 2, wanavijiji wanaoishi kando ya visima waliiona?