Bahari ya Kompyuta Haina Mgao

Ami yangu ni mvuvi wa Nungwi, na sinema hana subira nayo. Siku niliyomwekea Life of Pi kwenye laptopu alivumilia mpaka pale kijana anapobaki peke yake mashuani na chui milia. Chui hakumshughulisha hata kidogo. Aliitazama bahari, akaniuliza wimbi lile linatoka upande gani na upepo ni upi, kaskazi au kusi.

Nikamwambia, Ami, ile si bahari. Ni birika kubwa lililojengwa kwenye uwanja wa ndege wa zamani huko Taichung, Taiwan. Maji yanayoigusa mashua ni ya kweli. Yaliyobaki mpaka upeo wa macho, na mbingu juu yake, yametiwa na kompyuta. Hata huyo chui, karibu filamu nzima, ni wa kompyuta.

Akanyamaza kidogo. "Basi hao waliofanya bahari, walipata mgao wao?"

Ndivyo anavyofikiri mvuvi. Chombo kikirudi pwani, samaki wakiuzwa, kuna sehemu ya chombo, sehemu ya nyavu, na mabaharia wanagawana yao. Wakikosa, wamekosa wote. Wakipata, hata mtekaji maji ana chake.

Hawakupata, Ami. Kazi kubwa ya ifekti za filamu ile, yaani hizo picha za kompyuta, ilifanywa na Rhythm & Hues, kampuni iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1987. Februari 2013 ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya muflisi. Tarehe 24 ya mwezi huohuo kazi yake ikapewa Oscar. Filamu yenyewe iliingiza zaidi ya dola milioni 600 duniani. Bill Westenhofer, aliyepanda jukwaani na wenzake kupokea tuzo, alipoanza kuitaja hali ya kampuni, alifunikwa na muziki wa Jaws, ile filamu ya papa. Yaani waliotengeneza bahari wakafukuzwa kwa muziki wa papa! Nje ya ukumbi mamia ya mafundi wenzao walikuwa wameandamana na mabango.

Kilichowaua si uvivu wala ukosefu wa kazi. Ni bei. Studio inatangaza kazi, kampuni zinashindana kushuka, na aliyeshinda anafunga bei moja kwa shoti zote. Mkurugenzi akibadili mawazo, shoti inarudiwa na gharama inabaki kwa kampuni. Filamu ikicheleweshwa, mishahara ya mamia ya watu haicheleweshwi. Juu ya hayo, serikali za Kanada, Uingereza na New Zealand hurejesha sehemu ya fedha inayotumika kwao, basi studio hutaka kazi ipelekwe huko, na mafundi hufuata na masanduku yao. Hasara ni yao, lakini katika faida hawana hata dagaa mmoja.

Haya nayajua kwa udogo wangu. Mimi nahariri video za harusi hapa mjini. Kuna bwana harusi tulipatana bei, akaomba nimtolee nyaya za umeme zilizopita nyuma ya biharusi. Sawa. Kisha akamwona paka ukutani, atoke. Kisha mbingu: aliitaka nyekundu, kama magharibi ya Forodhani. "Kidogo tu, ndugu yangu." Kamera yangu inapiga picha 25 kwa sekunde. Kipande kile kilikuwa cha sekunde 40, kwa hivyo ni picha 1,000, na katika kila moja shela inapeperushwa na upepo, nyepesi, mbingu ya zamani inaonekana ndani yake. Programu inakusaidia kuukata mwili wa biharusi. Penye ukingo wa shela inakuachia mwenyewe. Nilikesha siku nne. Akaipenda mbingu, halafu mama yake akasema ya mwanzo ilikuwa bora. Malipo? Yaleyale ya siku ya kwanza.

Kila tamasha la filamu la ZIFF linapofika Ngome Kongwe namsikia mtu akisema tulete kampuni kubwa za kazi hizi, vijana wapate ajira. Mimi sioni kwamba hilo ndilo la kwanza. Mtazameni Simba. Mwaka 2019 The Lion King ilitengenezwa upya karibu yote kwa kompyuta, kazi ya MPC ya London, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Februari 2025 Technicolor, iliyokuwa ikiimiliki MPC, ilianguka, MPC ikaanguka nayo. Simba, Rafiki, majina yetu hayo. Fulana za Hakuna Matata bado zinaning'inia mtaa wa Gizenga, ijapokuwa sisi wenyewe tungesema "hapana taabu".

Kijana wa Unguja au Pemba na ajifunze kukata picha na kupanga tabaka, sikatai. Lakini karatasi ya mapatano aijue kabla ya programu: marekebisho mangapi, la ziada ni kiasi gani, nani analipia siku ya kungoja. Rafiki yangu wa Chake anasema ukidai hayo peke yako mteja anahamia kwa jirani, na hapo ana haki. Ndiyo maana mwaka 2023 mafundi wa ifekti walioajiriwa na studio ya Marvel walipiga kura kujiunga na IATSE, chama cha wafanyakazi wa filamu huko Marekani, na hakupinga hata mmoja. Sisi wahariri wa harusi hata kundi la WhatsApp la kuambizana bei hatuna.

Kwenye risiti yangu sasa nimeandika: marekebisho mawili, la tatu linalipiwa. Wateja wawili wameshaniondokea. Wa tatu alitia saini, kisha akauliza kama paka naye anahesabiwa.