chmod 777 si dawa ya diski ya Windows

Kwenye sekretaria za kuchapisha hapa Lubumbashi si ajabu kukuta mashini moja yenye mifumo miwili: Windows kwa ajili ya Word na printa, Ubuntu kwa ajili ya kufungua fleshi za wateja bila kubeba virusi vyao. Kazi zenyewe, yaani TFC (kazi za kumaliza masomo) za wanafunzi, barua na faktira, zinakaa kwenye partisheni ya D inayosomwa na mifumo yote miwili. Siku Ubuntu inapojibu "Permission non accordée", hakosekani wa kushauri `sudo chmod -R 777`, yaani amri ya kufungulia kila mtu ruhusa zote. Ushauri huo naupinga moja kwa moja.

NTFS, mfumo wa faili wa Windows uliopo kwenye partisheni hiyo, inatunza ruhusa kwa mtindo wa Windows. Draiva ya ntfs-3g, inayoiwezesha Linux kusoma na kuandika NTFS, isipoagizwa vingine, haiandiki ruhusa za Linux kwenye faili mojamoja. Inaipa partisheni nzima mwenyewe mmoja na ruhusa za aina moja, na inafanya hivyo wakati wa kuipachika tu (mount, yaani kuiunganisha na folda ya Linux). Kwa hiyo chmod inapita kimya, bila kosa lolote, halafu `ls -l` inaonyesha yaleyale. Ukimya huo ndio unaopoteza watu. Mtu anadhani hajatumia nguvu ya kutosha, anapanda folda moja juu, kisha nyingine, mpaka amri inaangukia kwenye `/`, mzizi wa mfumo wote. Hapo 777 inafuta biti ya setuid (alama inayoipa programu nguvu za msimamizi) ya `/usr/bin/sudo`, na sudo yenyewe inagoma. Tatizo la folda moja limegeuka kazi ya kusimika mfumo upya.

Kwanza pima. Andika `findmnt /mnt/data` (au mahali popote ilipopachikwa) na utazame safu ya OPTIONS. Ukiona `ro` (kusoma tu), ugonjwa uko Windows. Ukiona `rw` (kusoma na kuandika) na bado unakataliwa, ugonjwa uko kwenye namna ya kupachika. Watu wanayachanganya haya mawili kila siku.

Tuanze na `ro`. Tangu Windows 8, ukibonyeza "Arrêter" huku "démarrage rapide" ikiwa imewashwa, Windows haijizimi kabisa. Inalaza kiini chake kwenye diski pamoja na kumbukumbu ya hali ya partisheni. ntfs-3g ikiliona hilo inafungua kwa kusoma tu, na ukijaribu kuandika unapata "Système de fichiers accessible en lecture seulement". Inafanya vizuri: ingekubali kuandika, Windows ikiamka ingeendelea na picha ya zamani ya diski na kuharibu ulichoweka. Zima kitu hicho kwenye Options d'alimentation, chini ya "Choisir l'action des boutons d'alimentation", au fungua cmd kama msimamizi na uandike `powercfg /h off`. Amri hiyo inafuta pia hiberfil.sys na kukurudishia gigabaiti kadhaa, ila laptopu haitaweza tena kulala kwa kuhifadhi kazi kwenye diski. Ukiwa na haraka, chagua "Redémarrer" badala ya "Arrêter". Hiyo inafunga kweli.

Kuran ikikatika Windows inapoandika, partisheni inabaki na alama ya uchafu. Rudi Windows upige `chkdsk D: /f`. Kuna `ntfsfix` upande wa Linux, lakini inarekebisha mambo machache tu. Haishiki nafasi ya chkdsk. Na chaguo la `remove_hiberfile` liache kabisa: linatupa kila kilichokuwa hakijahifadhiwa.

Sasa `rw`. Tafuta UUID, kitambulisho cha partisheni, kwa `lsblk -f`. Ya NTFS ina herufi 16. Tengeneza folda kwa `sudo mkdir /mnt/data`, kisha ongeza mstari mmoja kwenye `/etc/fstab`, orodha ya partisheni za kupachikwa mfumo unapowaka:

UUID=weka-yako /mnt/data ntfs-3g uid=1000,gid=1000,dmask=022,fmask=133,windows_names,nofail 0 0

uid na gid ni namba za mtumiaji na kundi lake. Namba za mask zinaondoa ruhusa, hazitoi. dmask=022 inaacha folda na 755, fmask=133 inaacha faili na 644. Wengi wanaandika `umask=000` na kumaliza, na kila hati ya Word inageuka programu inayoweza kuendeshwa. Ufunguo wa ssh ukiwekwa humo, ssh inaukataa kwa kuwa uko wazi kwa wote. `windows_names` inazuia majina yenye alama kama `:` au `?` ambayo Windows itashindwa kuyafungua. `nofail` usiisahau: bila hiyo, diski ikikosekana, mfumo unasubiri sekunde 90 kisha unakutupa kwenye hali ya dharura, skrini nyeusi mbele ya mteja.

Mashini ikitumiwa na watu wawili, uid ya mmoja haitoshi. Fanya `sudo groupadd kazi`, waingize kwa `sudo usermod -aG kazi jina`, soma namba ya kundi kwa `getent group kazi` na uiweke kwenye gid, pamoja na dmask=007 na fmask=117. Lazima watoke na kuingia upya ndipo kundi lishike.

Jaribu kabla ya kuzima: `sudo findmnt --verify`, `sudo systemctl daemon-reload`, `sudo mount -a`. Kama partisheni ilikuwa imefunguliwa tayari kwa kubofya, ifunge kwanza. Chaguo mpya haziingii mpaka ipachikwe upya.

Na kabla haijapachikwa, piga `sudo chattr +i /mnt/data`. Siku diski isipopachikwa, folda tupu itakataa kupokea faili. Bila hiyo, TFC inanakiliwa kwenye diski ya Ubuntu, na kesho yake partisheni inapachikwa juu yake na kuifunika: faili ipo, lakini hakuna anayeiona.